Jina Lipo, Mtu Simuoni

Mama anauza dagaa Kibirizi, na wote anaowadai wamo kwenye kauntabuku moja yenye harufu ya samaki. Majina kamili hamna. Kuna "Yule wa koti", "Shemeji wa Gungu", "Mrefu wa Katonga". Mwenyewe akisoma anajua ni nani. Shida ni kwamba siku hizi ameanza kusahau.

Ndiyo maana likizo hii nilirudi Kigoma na laptop, nikamwahidi programu ndogo ya madeni. Mimi ni mwandishi wa habari. C++ nimejifunza mwenyewe usiku usiku, kwa hiyo wataalamu mnivumilie. Nilikuja wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na Mama anapata nafasi.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Siku ya pili nikaongeza klasi yangu mwenyewe, Mkopo: ahadi zake kwenye mkopo.h, kazi yenyewe kwenye mkopo.cpp. Kompaila ikapita kimya. Linka ikagoma: "undefined reference to Mkopo::salio()". Nikafuta folda ya build, nikaanza upya. Vilevile. Nikazima mashine, nikawasha. Vilevile.

Nikatembea hadi bandarini kupunga upepo, na hapo nikaikumbuka historia ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha huku bara kwa reli. Ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915.

Basi kompaila ni fundi wa kule Papenburg: anakagua kipande kimoja kimoja, na akiambiwa kingine kipo, anaamini. Linka ni fundi wa Kigoma. Yeye anafungua masanduku, na boliti ikikosekana, meli haielei.

Sanduku langu halikusafirishwa. Nilipofungua CMakeLists.txt, mkopo.cpp haikuwemo kwenye orodha ya add_executable. Nikaiandika. Kosa likabaki lilelile! Nikaanza kusoma msimbo kwa sauti, "salio, salio…", Mama akaniuliza kutoka jikoni:

"Salio la nani, mwanangu?"

Nikaangalia. Ndani ya mkopo.cpp nilikuwa nimeandika salio() tupu, bila Mkopo:: mbele yake. Kwa kuwa ilirudisha sifuri tu ya majaribio, kompaila haikushtuka. Kwake hiyo ilikuwa kazi halali, ila haikuwa ya Mkopo. Nikaongeza mwenye nayo, programu ikakubali.

Tukafungua kauntabuku. Ukurasa wa tatu: "Yule wa koti, magunia mawili."

"Huyu nani, Mama?"

Akaliangalia jina muda mrefu. "Jina lipo," akasema. "Mtu simuoni."

Programu yangu ilikuwa na jina, kiasi na tarehe. Usiku ule nikaongeza: mtoto wa nani, anakaa wapi, nani mwingine anamjua. Tukaanza na wale anaowakumbuka bado, yeye akisimulia, mimi nikiandika, mbio mbio, kabla mwezi haujapungua na mitumbwi haijarudi ziwani.

Yule wa koti bado hana maelezo. Sijamfuta.