Siku king'ora kiliponyamaza

Wadau, najua nimepotea. Nilikuwa fildi. Nimerudi chuo juzi na basi, mgongo bado unauma, na kuna kitu nimetoka nacho Muleba hakijanishuka mpaka leo. Wacha nikimwage hapa.

Fildi nilipangiwa Bukoba mjini, Fizikia Kidato cha Tatu. Wikiendi nakimbilia Muleba kwa mama mdogo, maana ndizi za kwake na zile za mgahawani si ndugu kabisa. Mama mdogo anatotolesha vifaranga. Mashine yake ni boksi la mbao, balbu, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na kidhibiti joto cha bei chee. Mayai yanataka nyuzi 37.5 hivi, siku 21. Likipanda sana kwa saa kadhaa, umeshapika. Kwa hiyo kila usiku, saa sita na saa tisa, alikuwa anaamka na tochi kuchungulia kipima joto. Kila usiku, jamani, na mvua zile za kwetu.

Mimi msomi nikaona huruma. Nilikuwa na chipu ya LM75, kadude ka miguu minane kanakopima joto. Mguu mmoja kazi yake ni kutoa taarifa tu. Unaiandikia chipu namba mbili: joto la kuanza kulia na joto la kunyamaza. Nikaweka 39 na 38. Nafasi ya katikati ni ili king'ora kisiwe kinalia na kukata kila sekunde joto likicheza mpakani. Mguu wenyewe hausukumi umeme nje, unavuta chini tu. Ukivuta, transista inafunguka, king'ora kinapiga kelele. Mengine yote ni kimya.

Namba zile niliziandika kwa Arduino niliyoazima kwa jamaa wa fildi. Nilipomaliza nikaichomoa, kwa sababu Jumatatu niliihitaji darasani, na chipu inaweza kufanya kazi peke yake. Nikaibandikia kikombe cha chai ya moto, ikalia. Mama mdogo akapiga makofi. Nikamwambia, "Mama mdogo, kuanzia leo lala." Akalala.

Siku ya 17 ya mayai, trei mbili, umeme ukakatika kama saa nne usiku, ukarudi saa saba. Ulivyorudi, kidhibiti joto kikagandia, balbu ikawaka moja kwa moja hadi asubuhi. Saa kumi na mbili simu inaita.

"Mwalimu, mashine yako haikulia."

Kipima joto kilikuwa 43. Na mimi, nasema ukweli, kitu cha kwanza kilichonitoka ni kumuuliza kama aliichomoa. Hakujibu. Alisema tu, "Haya baba, ukija utaangalia."

Jumamosi nikaenda. Nikaunganisha Arduino bila kuzima chochote, nikaiuliza chipu inakumbuka nini. Ikanijibu: 80 na 75. Hizo ndizo namba inazoamka nazo kila inapopata umeme upya. Nilizoandika mimi zinakaa humo mradi umeme upo. Ukikatika hata sekunde moja, zimefutika. Kiwandani waliiwazia iwe ndani ya kompyuta na mitambo, ambako nyuzi 80 ndipo mtu aanze kuwa na wasiwasi. Kwenye yai nyuzi 80 ni kifungua kinywa. Na haya yote yameandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu, ambayo nilikuwa nayo kwenye laptop. Nilisoma ukurasa wa kwanza na ule wa mchoro.

Yaani usiku mzima ilikuwa nzima, inapima vizuri tu, inasubiri 80. Kwa mtu aliyelala chumba cha pili, kimya hicho na kile cha jana yake ni kimoja.

Mama mdogo alivunja yai moja mbele yangu. Kifaranga kilikuwa kimeshaota manyoya. Hakugomba. "Pole, waitu. Nitaamka mwenyewe." Heri angegomba. Kuna mteja alishatoa hela ya vifaranga 40, na hela hiyo ilishaliwa. Sehemu yake ndiyo ilinipa nauli ya kwenda fildi. Bumu likitoka najua linakokwenda.

Wiki iliyofuata nikamhadithia jamaa anayefanya kazi zahanati. Akanionyesha kidude kwenye friji ya chanjo, ambayo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kina betri yake, kinakumbuka siku 30 za nyuma. Joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo kinaweka alama ya hatari, likishuka hadi nusu chini ya sifuri kinasubiri saa 1 tu, maana kuganda kunaua baadhi ya chanjo haraka. Lakini kilichonishika si hicho. Mambo yakiwa sawa, kioo kinaonyesha alama ya vyema. Muuguzi anaitafuta ile alama asubuhi na jioni. Isipokuwepo, hata kama hakuna kelele, anajua kuna kitu.

Nimetengeneza nyingine. Hii ina kichipu chake cha kudumu kinachoandika 39 na 38 kila inapowaka, kisha kinazisoma tena kuhakikisha. Ina betri. Taa ya kijani inapepesa kila sekunde 10 mambo yakiwa sawa. Feni nayo nimeiwekea INA226, inayopima mkondo wa umeme: feni ikikata, mkondo unashuka, mguu wake wa taarifa unavutwa. Kwa balbu isingefaa, kwa sababu yenyewe inazimika na kuwaka muda wote, king'ora kingelia usiku kucha. (Feni ikikwama huku ikila umeme, hapo bado nakuna kichwa.)

Mama mdogo kaweka trei moja. Nilipompigia jana nikamuuliza kama anaiangalia ile taa.

"Naiangalia. Saa sita na saa tisa."

Leo ni siku ya 11. Nina kipindi saa nane na sijala. Tutaonana.