Mastazi ya mazingira? Kaisomee Ushetu!

Mtoto wa mjini ukiambiwa Ushetu, unauliza kama ni bendi au ni sabuni. Tulia basi. Ni halmashauri iliyomegwa kutoka Kahama mwaka 2012, mkoani Shinyanga, makao makuu yake Nyamilangano. Ukishaiacha Kahama mjini na kelele zake, yanaanza mashamba ya mahindi, mpunga na tumbaku, na asubuhi unasalimiwa "Mwangaluka!" na mtu asiyekujua kabisa. Mjini mtu wa namna hiyo ungeshika mfuko haraka.

Tunafuata nini huko? Shule, bwana! Siku hizi kila kijiwe cha wasomi kina mjadala uleule. Kijana ana digrii ya uhandisi, ajira imegoma, anataka kuongeza nondo, na uhandisi wa mazingira unamvutia. Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha wanaufundisha. GPA ya 2.7 kati ya 5, ambayo kwa kawaida ndiyo mlango wa kuingilia, anayo. Kinachomtoa jasho ni hiki: asome digrii ya pili ya utafiti mtupu, au ile ya kozi, yaani vipindi, mitihani, halafu tasnifu fupi mwishoni? Kule Canada wanayo hata ya MEng, ambayo unaweza kuimaliza bila tasnifu. Wajuaji wanaibeza ya kozi, eti ni mastazi ya mkato. Haya, tuone Ushetu inasemaje.

Somo la kwanza liko kwenye bani. Tumbaku ya hapa ni ya mvuke. Majani mabichi yanafungwa kwenye vijiti, yananing'inizwa ndani ya bani, kisha moto unawashwa kwenye tanuri. Joto linapita kwenye mabomba karibu wiki nzima mpaka majani yawe manjano na makonyo yakauke. Kuni zinatoka wapi? Kwenye miombo! Tanuri likivuja joto, miti inateketea kupasha hewa ya nje. Dawa yake ni hesabu tu: ukubwa wa tanuri, unene wa ukuta, njia ya hewa. Mabani yanayokula kuni chache yameshabuniwa zamani.

Somo la pili ni dhahabu, maana ukanda huu wote unanuka dhahabu. Msalala, halmashauri jirani, kuna mgodi wa Bulyanhulu, na Kahama wachimbaji wadogo hawalali. Mchimbaji mdogo anasaga mawe, anachanganya na zebaki ili ishike dhahabu, kisha anaichoma. Wengine wanachomea jikoni kabisa, mtoto yuko pembeni anasubiri uji! Mvuke ule haunuki wala hauwashi, lakini unashambulia ubongo na figo. Mchanga uliobaki, wenyewe wanauita marudio, unapelekwa kwenye sayanaidi kukamua dhahabu iliyosalia. Hapo kuna kitu cha hatari ambacho darasani utafundishwa: sayanaidi inaiyeyusha ile zebaki iliyobaki, na bwawa likivuja, zote mbili zinaingia kwenye maji.

Dawa ya hapo nayo si siri. Kuna chombo cha kufunika kinachonasa mvuke wa zebaki ukageuka tena kimiminika. Kuna namna ya kutandika sakafu ya bwawa lisivuje. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Karatasi zipo. Anayetakiwa ni mtu wa kukaa na wachimbaji, apige hesabu, atengeneze kitu ambacho mfuko wao unakiweza.

Unadhani ni ndoto? Shinyanga imeshafanya. Kati ya 1974 na 1978 kulikuwa na mradi wa visima vifupi uliosaidiwa na Uholanzi, ukachimba visima vya kawaida kabisa na kuviwekea pampu za mkono. Kisha mwaka 1986 ukaja HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Badala ya kuagiza miujiza ng'ambo, wakafufua ngitiri, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho yapumzike. Mkoa ambao Mwalimu Nyerere aliuita jangwa la Tanzania ukarudisha ngitiri zaidi ya hekta 300,000.

Umeona mwelekeo? Shida nyingi za Ushetu zina majibu tayari. Zinasubiri fundi mwenye hesabu. Mtafiti wa kugundua mapya tunamhitaji, hatumkatai. Lakini wa kozi, aliyesoma maji, taka, hewa na udongo kwa pamoja, ndiye anayeweza kuunganisha bani, shimo na kisima. Mkato uko wapi hapo?

Ila usije ukajidanganya. Kozi ile ukiisoma kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita, utatoka na joho la kupigia picha tu. Kabla hujalipa ada, uliza maswali matatu: kuna maabara inayofanya kazi? Kuna somo la usanifu, au ni nadharia tupu? Na tasnifu unaruhusiwa kuifanyia uwanjani? Ukijibiwa ndiyo mara tatu, lipa. Kisha mwambie msimamizi wako tasnifu yako iko Ushetu, kwenye bani na marudio. Akikuuliza ndiyo wapi huko, mpe nauli.