Pendulumu Yangu na Mashimo Meusi

Muhula huu nimepata aibu moja maabarani, nami naona ni heri niisimulie mwenyewe kuliko kusimuliwa na wenzangu wa bweni.

Siku ya zoezi la pendulumu mimi na mwenzangu tuligawana kazi: mimi nipime, yeye akokotoe na kuchora grafu. Kengele ya chakula ilikuwa karibu kulia, na joto la hapa Kifaru mnalijua. Basi kwa uzi wa sentimita 50 sikuhesabu pendulumu ibembee mara 20 kama tulivyoagizwa. Niliandika tu “sekunde 25” kwa kubuni. Mwenzangu, kwa kuniamini, akakokotoa. Mwalimu alipoutazama mstari ule wa kwanza alicheka, akasema, “Kijana, wewe ulipimia sayari nyingine!” Maana uvutano wa dunia ulitoka 12.6 badala ya 9.8. Tukapata sifuri sote wawili, na mwenzangu hakunisemesha siku tatu.

Nilijitetea, “Lakini mwalimu, ile ni namba ya mwanzo tu.” Hapo ndipo aliponieleza habari za mashimo meusi, nami nikazisoma zaidi maktabani.

Shimo jeusi ni mahali ambapo maada nyingi imebanwa hata nuru haiwezi kutoka. Habari hii si ngeni kwa pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyosaidia kutambua kwamba katika Cygnus X-1 kuna shimo jeusi, la kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi. Tena tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano kutoka kwa mashimo mawili yaliyogongana, moja la uzito wa majua 36 hivi, la pili 29. Likabaki moja la majua 62. Kiasi cha majua 3 kikaenda zake katika mawimbi.

Wataalamu waliujuaje uzito huo? Waliyalinganisha mawimbi yale na mawimbi yaliyokokotolewa kwa kompyuta. Lakini kompyuta haianzi kazi mpaka ipewe picha ya nukta ya kwanza: mashimo yako wapi, yana uzito gani, yanakwenda kasi gani, na anga linaloyazunguka limepindaje.

Nilidhani hapo mtu aweza kuandika apendavyo. Sivyo. Milinganyo ya Einstein ya mwaka 1915 ni 10. Katika hiyo, 6 yaeleza mambo yatakavyoendelea. 4 yaifunga nukta ya kwanza yenyewe, kabla saa haijasogea. Kupinda kwa anga na jinsi kupinda huko kunavyobadilika vimefungwa pamoja, kama urefu wa uzi na muda wa kubembea. Mtaalamu huchagua sehemu, na zilizobaki hana budi kuzitafuta kwa hesabu. Lichnerowicz alionyesha njia mwaka 1944, na York akaiendeleza katika miaka ya 1970. Hahn na Lindquist walijaribu mgongano kwa kompyuta mwaka 1964. Walakini ni mwaka 2005 ndipo Pretorius alipofaulu kuyafuata mashimo mawili yakizungukana mpaka yakaungana.

Hata mwanzo uliotii milinganyo yote 4 waweza kuwa na kasoro. Kwetu mlimani tuna ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia mashamba. Tumbukiza vijiti viwili ghafla katika ndiva iliyotulia, uvizungushe: viwimbi vya kwanza si vya kuzunguka, ni vya kule kutumbukizwa. Mashimo ya kweli yamezungukana zamani nyingi, na mawimbi yao yameshaenea. Yale ya kompyuta hayana jana. Kwa hiyo mwanzoni hutoka mawimbi ya uongo. Wataalamu hawayafichi. Huyangoja yapite, husema wazi kwamba yalikuwapo, ndipo huanza kusoma.

Hilo ndilo lililonichoma. Wao huijua kasoro ya mwanzo wao na kuitangaza. Mimi niliijua yangu nikanyamaza, nikamwacha mwenzangu ajenge juu yake.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba radhi, tukaomba ruhusa ya kurudi maabarani. Safari hii yeye alishika saa, mimi nikahesabu kwa sauti. Ikawa sekunde 28.4, na uvutano ukatoka 9.8. Alama hazikurudi, lakini rafiki yangu amerudi.

Ndugu zangu wa kidato cha nne, mtihani u karibu, na kengele ya chakula italia tu. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeipima: sentimita 50.