Ngoma ya bibi na vitabu vya Rigby

Najua nimeadimika, mtanisamehe. Bumu limekata, halafu mada ya tasnifu ndiyo imetulia juzi tu.

Hapa UDOM nikisema mimi Mgogo, lazima mtu anitanie: "Nikupe mia mbili?" Ni utani, nacheka. Ila mwezi uliopita niliposema darasani kwamba nataka kuandika juu ya muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, mmoja akadakia: "Hiyo nayo sosholojia?" Darasa zima likaangua kicheko. Hapo iliniuma. Nikabadili mada fasta, nikasema nitaandika kuhusu vikoba.

Sasa nikiwa natafuta mambo mengine kabisa, nikakutana na jina la Peter Rigby. Huyu ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huku Ugogo miaka ya 1960, na mwaka 1969 akatoa kitabu kuhusu ng'ombe na ukoo kwa Wagogo. Nikasema haya, mtafiti mwingine kaja kuhesabu ng'ombe.

Kumbe mwaka 1968 alishaandika makala kuhusu matambiko yetu ya utakaso. Balaa likiingia, mfano ng'ombe wakiugua, kina mama ndio wanashika usukani: wanavaa nguo za kiume, wanafanya kazi za kiume, kisha wanaicheza ile nuksi mpaka nje ya mpaka. Yaani dawa ya nchi nzima iko kwenye miguu ya wanawake! Na mimi nimeona aibu?

Kilichonimaliza ni alikoishia. Mwaka 1996, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alitoa kitabu *African Images*, kinachoishitaki anthropolojia yenyewe kwa ubaguzi wa rangi. Alianza na zizi la Mgogo, akamalizia kwa kuikagua fani yake mwenyewe.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Bahi kwa bibi. Tukala ugali wa uwele na mlenda, nikamsimulia yote. Alipiga muheme ujanani, ngoma kaibana mapajani, mpaka mikono ikaota sugu. Akasikiliza kimya, halafu akauliza:

"Na hao wanawake, majina yao kayaandika?"

Nikakosa jibu.

"Basi chukua kalamu, mjukuu wangu."

Akaanza kutaja. Aliyekuwa anaanzisha wimbo, aliyekuwa anapiga ngoma kubwa, aliyewafundisha wenzake. Wengi wameshatangulia mbele za haki. Kufika jioni daftari lilikuwa na majina kumi na moja, na bibi sauti imekauka.

Jumatatu naenda kwa msimamizi kurudisha mada yangu ya kwanza. Vikoba nimewaachia wenyewe. Wa kucheka acheke, ila mimi sina muda, maana bibi hana meno na kumbukumbu nayo imeanza kuchoka.

Mniombee. Tutaonana Chimwaga.