Juu ya Kuamuru Mchezo Usiouona

Asiyepata kuutazama mchezo wa besiboli aweza kudhani kuwa meneja wa timu ni mtu wa bure. Huketi kibandani kati ya wachezaji wake, amevaa sare kama wao japo kwa umri angeweza kuwa babu yao, akatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, na mara chache hutoka akaenda taratibu hadi katikati ya uwanja kumpokonya mtupaji mpira na kuita mwingine. Walakini mchezo huu una jambo ambalo kandanda haina: husimama. Baada ya kila mtupo ipo nafasi ya pumzi chache, na katika nafasi hiyo meneja hana budi kuchagua. Je, mkimbiaji aliye katika kituo cha kwanza aibe cha pili? Mpigaji apige kwa nguvu zake zote, au auguse mpira tu kwa gongo ili mwenzake asogee? Mtupaji aachwe au aondolewe? Mchezo mmoja una mitupo ipatayo 300 kwa timu zote mbili, na nyuma ya kila mmoja lipo swali, hata kama jibu lake ni kukaa kimya.

Kwa hiyo si ajabu kuwa Wamarekani walianza zamani kuucheza umeneja peke yake, bila uwanja wala jasho. Hal Richman alibuni tangu ujana wake mchezo wa kadi na dadu uitwao Strat-O-Matic, akaanza kuuuza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila mchezaji wa kweli alikuwa na kadi yake, na dadu ndizo zilizosema yaliyompata. Kompyuta zilipoenea, kazi ya dadu ilihamia humo. Mwaka 1999 ulitoka mchezo uitwao Out of the Park Baseball, nao ulitungwa na Mjerumani, Markus Heinsohn, mtu wa nchi ambayo watoto wake hukua wakipiga mpira kwa miguu. Jambo hili lilinipa faraja nilipoanza. Ikiwa Mjerumani aliweza kuuelewa mchezo huu hata akautungia mashine ya kuuiga, mimi mtu wa pwani sikuwa na sababu ya kuona haya.

Nilijifunza mchezo huo Minnesota, nilikokuwa kwa masomo, katika miezi ambayo theluji humweka mtu ndani kama mfungwa. Zilikuwapo timu 12, kila moja na mwenyewe, isipokuwa yetu iliyokuwa na wenyewe wawili: mimi, na mwenzangu wa idara ya sheria, mtu wa Tanga aliyenizidi umri kwa miaka 15, niliyemwita Maalim kama walivyomwita Waswahili wote wa mji ule. Timu tuliipa makao Duluth. Wachezaji wake hawakuwapo duniani. Kompyuta iliwazaa, ikawapa majina na mikono na tabia, ikawazeesha, ikawastaafisha. Desturi ya ligi ilikuwa hivi: kila Jumapili tulimpelekea msimamizi maagizo yetu, naye usiku aliendesha michezo ya juma zima kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Meneja wa kweli huona bega la mtupaji likianza kulegea, akasimama. Sisi tulikuwa tumelala. Kila tulichotaka kitendeke sharti tuwe tumekisema mapema, kwa ajili ya hali ambazo hatukujua kama zitatokea.

Maagizo yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya timu nzima. Mbele yako huwekwa orodha ya mambo: kuiba vituo, kugusa mpira ili kumsogeza mwenzako, kukimbia kwa ujasiri mpira ukipigwa, kumwondoa mtupaji, kuwasogeza walinzi mbele, na kando ya kila jambo upo mstari wenye alama ya kusukuma, upande mmoja kidogo, upande wa pili sana. Huandiki sababu. Husemi hata neno moja. Wasukuma alama tu, na kwa kuisukuma umekwisha kutangaza madhehebu yako.

Maana besiboli ina madhehebu. Earl Weaver, aliyeiongoza Baltimore Orioles kuanzia 1968 hadi 1982, akarejea tena kwa muda mfupi mwaka 1985, hakupenda kugusa mpira. Timu ina watu 27 tu wa kutolewa katika mchezo wa zamu tisa, watatu kwa kila zamu. Kumtoa mmoja kwa hiari, ili mwingine asogee hatua 30 hivi, kwake kulikuwa ni kutupa mali. Alingoja watu wawili wafike vituoni, kisha wa tatu aupige mpira uvuke ukuta. Wengi walimwona kuwa mkaidi, ilhali hesabu ilikuwa upande wake. George Lindsey, mwanasayansi wa Kanada, alichapisha mwaka 1963 jedwali lililotokana na mamia ya michezo ambayo baba yake alisaidia kuiandika kwa mkono. Jedwali hilo laonyesha kuwa timu yenye mtu katika kituo cha kwanza, na hajatolewa yeyote, hutazamia wastani wa alama 0.81 hivi kabla ya zamu kwisha. Mtu huyo akisogezwa hadi cha pili kwa gharama ya mwenzake mmoja kutolewa, matazamio hushuka hadi 0.67. Umetoa sadaka, na umerudi nyumbani maskini kuliko ulivyotoka.

Nilipomwonyesha Maalim jedwali hili alilisoma mara mbili, akasema, "Ndugu yangu, hii ni hukumu. Sukuma alama hadi mwisho, wasiguse kabisa." Tukaisukuma, na sikuona sababu ya kuirudisha isipokuwa kwa wachezaji wachache nitakaowataja.

Kuhusu kuiba vituo hatukupatana upesi hivyo. Upande wa pili wa madhehebu yupo Whitey Herzog, ambaye St. Louis Cardinals yake ya mwaka 1985 iliiba vituo 314 na kufika fainali ya Marekani ikiwa na mipigo 87 tu ya kuvuka ukuta katika msimu mzima. Mmoja wa vijana wake, Vince Coleman, aliiba 110 katika mwaka wake wa kwanza. Uwanja wa St. Louis siku hizo ulikuwa mpana, umetandikwa zulia gumu badala ya nyasi, mpira ukipenya waenda mbali. Herzog akachagua watu wa miguu. Hapa wanaoanza umeneja hufanya haraka. Humsoma Herzog wakasisimka, wakaisukuma alama ya wizi hadi mwisho, na timu yao ina watu wazito wenye magoti mabovu. Kompyuta haibishi. Huwatuma wazito hao mmoja mmoja, nao hunaswa mmoja mmoja.

Na hata wepesi wana mpaka wao. Mtu akinaswa, timu hupoteza mkimbiaji na nafasi ya kutolewa kwa pamoja, ndiyo maana wataalamu hukadiria kuwa mwizi asiyefaulu mara 7 katika 10, au zaidi kidogo, aitia timu yake hasara. Rickey Henderson aliiba vituo 130 mwaka 1982, na hakuna aliyefikia idadi hiyo tangu hapo. Lakini mwaka uo huo alinaswa mara 42. Alifaulu katika robo tatu ya majaribio na kitu kidogo juu yake. Faida ipo, ila ni nyembamba kuliko sifa zake.

Namna ya pili ya maagizo ni ya mchezaji mmoja mmoja, nayo hushinda ya kwanza. Timu yaweza kuwa imekatazwa kuiba, na kijana mmoja akaruhusiwa. Timu yaweza kuwa haigusi mpira, na mdakaji wako wa miaka 36, ambaye hupiga vibaya hata mbele ya watupaji dhaifu, akaagizwa kuugusa kila nafasi ipatikanapo. Humo ndimo nilimoiona ladha ya mchezo huu, na humo ndimo Maalim alimoona hatari yake.

"Sheria ikianza kujua majina ya watu," alisema, "si sheria tena. Leo umemruhusu huyu aibe kwa kuwa ni mwepesi. Kesho utamruhusu yule kwa kuwa wampenda."

Nikamjibu, "Lakini Maalim, alama ya timu ni wastani wa watu ambao hakuna hata mmoja wao aliye wastani."

Aliifikiri kauli hiyo, kisha akasema kuwa hivyo ndivyo walivyo raia wa nchi yoyote, na bado wanatawalika. Sikuwa na jibu tayari. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi iliyoongozwa kwa waraka mmoja wa kurasa nne, ambao mwandishi wake alikuwa ameihama ofisi zamani. Ndani yake msahihishaji na mpishi walihesabiwa saa kwa kanuni ile ile, na mpishi ndiye aliyeonekana mvivu kwa kuwa jiko lake lilizimwa kabla ya saa kumi. Labda ndiyo sababu nilishikilia majina. Tulipatana kuwa kila ruhusa ya pekee iandikwe katika daftari pamoja na sababu yake, na isiyo na sababu ya tarakimu ifutwe. Baada ya mwezi daftari lilikuwa na majina saba. Maalim alikagua kila Jumapili kabla ya kutuma, miwani ikiwa puani, kama aliyepewa amana ya yatima.

Jina la nane ndilo lililotutia katika mzozo. Tulikuwa na mtupaji wa kushoto, kijana wa miaka 21, hodari kuliko wote tuliopata kuwa nao. Mchezo huu una desturi ya kuwavunja watupaji: mkono uliochoka hufanyiwa kura ya siri kila mtupo, na kura ikianguka vibaya kijana hupotea mwaka mzima, au hurudi na nusu ya kasi yake. Meneja aweza kumwekea kila mtupaji idadi ambayo haitapitwa. Nilimwekea mitupo 95. Juma la mwisho la msimu tulihitaji ushindi mmoja. Kijana huyo alifika zamu ya saba tukiongoza 2 kwa 1, akiwa amewatoa watu 10 kwa kuwanyima mpira, na alipotimiza mitupo 95 kompyuta ilimwondoa kama ilivyoagizwa. Aliyefuata akatoa alama mbili. Tulipoamka Jumatatu, msimu ulikuwa umekwisha.

Maalim hakunisemesha mpaka Jumatano. Aliponisemesha alisema kuwa meneja yeyote mwenye macho angemwacha. Yamkini ni kweli. Lakini wenye macho nao hawajapatana. Tarehe 16 Oktoba 2003, katika mchezo wa saba na wa mwisho baina ya Boston na New York Yankees, Grady Little wa Boston aliona kwa macho yake Pedro Martinez akilegea katika zamu ya nane, akatoka, akazungumza naye, akamwacha. Hesabu za msimu huo zilikwisha kuonya kuwa Martinez akipita mitupo 100 si yule yule. Uongozi wa 5 kwa 2 ukayeyuka, New York wakashinda katika zamu ya 11, na Little hakupewa mkataba mwingine. Tarehe 27 Oktoba 2020, katika mchezo wa sita wa fainali, Kevin Cash wa Tampa Bay alimwondoa Blake Snell baada ya mitupo 73 tu, akiwa anaongoza 1 kwa 0 na amewanyima mpira watu tisa, kwa kuwa hesabu zilisema kuwa wapigaji wakimwona mtupaji mara ya tatu humzoea. Los Angeles Dodgers walipata alama mbili katika zamu ile ile, wakashinda 3 kwa 1, wakatwaa ubingwa. Mmoja alifuata macho, wa pili alifuata daftari, na wote wawili walitukanwa kwa miaka.

Nilimwambia Maalim hayo. Akasema kuwa mfano wa wanaume wawili walioshindwa haumtakasi wa tatu. Nikamwambia kuwa sitafuti kutakaswa. Nauliza kama agizo la mitupo 95 lilikuwa ovu Jumapili jioni, wakati sisi wawili tulipolikubali na matokeo hayajakuwapo. Akanyamaza, kwa kuwa saini yake ilikuwamo daftarini chini ya yangu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia kwa mwanasheria aliyechukia majina: kwa nini mchezo hauna mahali pa kuandika "isipokuwa siku ya mwisho"?

Tulikaa usiku ule tukitafuta kama tungeweza kuligeuza agizo kwa mchezo mmoja bila kuligeuza kwa juma zima. Kwa desturi ya ligi yetu haikuwezekana. Angeongezewa mitupo 20 siku ya mwisho, angekuwa ameongezewa pia Jumanne, katika mchezo usio na maana, kukiwa na mvua. Maalim alitaka tumwandikie msimamizi kumwomba aruhusu maagizo mawili kwa juma, na barua akaitunga mwenyewe, kurasa tatu, yenye vifungu. Msimamizi alijibu kwa mstari mmoja kuwa wenzetu 10 wana kazi na watoto. Majira yaliyofuata kijana wa kushoto alifikisha miaka 22, mkono wake mzima, na tulipofika kwenye jina lake Maalim alichukua kalamu, akaandika 100, akaikata, akaandika 95, kisha akaniuliza kama chai ingalipo.