Ukingoni mwa Longonot

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kijana mmoja mzaliwa wa Lamu, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, alikuwa ameitumia methali hiyo katika insha nyingi tangu shule ya msingi. Maana yake aliipata Jumamosi moja, juu ya mlima Longonot.

Darasani kijana huyo alikuwa mithili ya mfalme. Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa ya mamaye. Aliyajua majina ya pepo na ya viungo vya chombo: kaskazi na kusi, foromali na mkuku. Mhadhiri aliposita kuhusu neno fulani, macho yote yalimgeukia yeye. Sifa hizo zilimlevya. Mwenzake wa bara alipoteleza katika upatanisho wa kisarufi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsahihisha, na wa kwanza kucheka. Aliyesahihishwa mara nyingi zaidi ni msichana mmoja aliyelelewa Narok, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimaasai. Hata asubuhi hiyo, basi lilipoegeshwa langoni, msichana alisema, "Mlima hii ni refu."

"Mlima huu ni mrefu!" kijana alidakia. Kicheko kikatanda. Msichana akainama, akafunga kamba za viatu vyake.

Longonot ni volkeno iliyosimama katika Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Naivasha, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wenye migongo mingi ya miinuko mikali. Kutoka langoni hadi ukingoni ni mwendo wa takriban kilomita tatu. Juu hakuna kisima wala mto. Asiyebeba maji hujuta. Wanafunzi walipanda wakihema, vumbi la majivu ya kale likiwapaka miguu rangi ya kijivu, hadi ardhi ilipokatika ghafla mbele yao.

Ama kwa hakika mandhari hayo humwacha mtu kinywa wazi. Upande wa ndani, kuta za kasoko zilishuka wima hadi kwenye msitu uliojaa sakafu yake yote, kijani kibichi kama zulia lililotandikwa shimoni. Hapa na pale ukutani mvuke ulifuka. Upande wa nje, ziwa lilimeremeta, na ng'ambo ya magharibi mawingu meupe ya mvuke yalipaa kutoka Olkaria, ambako joto la ardhi hugeuzwa umeme. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na njia nyembamba iliyouzunguka mdomo wa kasoko kwa zaidi ya kilomita saba.

Walipofika mahali ambapo njia imesinyaa na kuliwa na mvua, kijana wa Lamu alisimama. Magoti yalimwisha nguvu. Yeye aliyezoea kutembea juu ya ukingo wa jahazi likiyumba, sasa hakuweza kuinua unyayo. Neno "genge" alikuwa amelieleza darasani kwa ufasaha usio kifani. Sasa genge lenyewe lilikuwa chini ya kisigino chake, na ufasaha haukumfaa kitu. Wenzake walikuwa wametangulia. Alitamani kuwaita, lakini sauti haikutoka.

Msichana wa Narok ndiye aliyegeuka. Hakucheka. Alirudi taratibu, kama mtu aliyezoea vilima tangu utotoni, akasimama hatua moja mbele yake.

"Usiangalie chini," alisema. "Angalia mguu yangu. Kanyaga pale nimekanyaga."

Akapiga hatua, akangoja. Kijana akaweka wayo wake katika alama iliyoachwa na kiatu kile. Hatua nyingine, na nyingine. Changarawe ziliporomoka kasokoni bila kishindo. Jasho lilimtiririka, lakini macho hayakubanduka kwenye visigino vilivyotangulia. Walipofika penye njia pana, msichana alimpa chupa yake ya maji, kisha akaendelea na safari kana kwamba hapakutokea jambo.

Baadaye kundi lote lilikusanyika kileleni, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, mahali paitwapo Kilele Ngamia. Siku nyingine kijana angeuliza kihusishi "cha" kimepotelea wapi. Siku hiyo alikaa kimya, akalitazama ziwa.

Jioni, basini, mwanafunzi mmoja aliyekuwa amesikia kwa mbali aliiga kwa sauti kubwa: "Angalia mguu yangu! Kanyaga pale nimekanyaga!" Basi zima likaangua kicheko. Nyuso zikamgeukia mfalme wa ufasaha, zikingoja asahihishe kama ada yake.

"Sentensi hiyo," alisema, "ndiyo iliyonivusha. Laiti isingesemwa, ningali juu ya genge."

Kicheko kilikatika. Msichana alikuwa akitazama nje ya dirisha, mlima ukizidi kuwa mdogo nyuma yao. Kijana alihamia kiti kilichokuwa wazi kando yake. Akamwomba amfunze kutamka Oloonong'ot ipasavyo. Alikosea mara tatu. Msichana alimsahihisha mara zote tatu, polepole, bila kucheka.