Umekula? Umefika?

Kazi yangu ni kuandika. Karo iliponishinda nikaacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo nimeandika chochote kinacholipa: matangazo ya godoro, hotuba za mazishi, wasifu wa wanaotaka kuwa MCA. Lakini kazi iliyonitesa zaidi nimeifanya bure. Nimetafsiri mapenzi ya dada yangu.

Shemeji alizaliwa Kakamega, akahamia Minnesota na wazazi wake akiwa darasa la sita, akapata uraia huko. Alikutana na dada kwenye harusi ya binamu yake mwaka wa 2021. Mwaka wa 2024 wakafunga ndoa Nairobi, na baada ya siku 16 akarudi kazini. Sasa yeye ni mdhamini, na dada, kwa lugha ya fomu, ni mke mgeni.

Fomu yenyewe, I-130, si ngumu kujaza. Ngumu ni kuthibitisha kwamba hawa wawili hawakuoana kwa sababu ya makaratasi. Sheria ya Marekani inataka kujua kama siku ile walipooana walikusudia kuishi pamoja kama mume na mke. Ni swali la haki kabisa. Ila nia utaipiga picha aje?

Ushahidi unaopendekezwa ni mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, mali ya pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wueh. Hiyo ni orodha ya watu ambao tayari wanaishi pamoja, na dada na shem wanaomba ruhusa ya kuishi pamoja.

Kwa hivyo wenzao hukusanya vijikaratasi: tikiti za ndege, risiti za pesa zilizotumwa, picha, viapo vya watu wanaowajua, na meseji. Kila kisicho cha Kiingereza lazima kiandamane na tafsiri, na mtafsiri atie sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili. Hapo ndipo nilipoitwa.

Kurasa 140 za WhatsApp. Nilidhani nitaona aibu. Nilichokuta ni “Umefika?” na “Umekula?” Karibu kila siku, kwa miaka mitatu. Kwa Kiingereza, huyo ni mtu anayeuliza tu habari za chakula. Hakuna kisanduku cha kueleza kwamba shem yuko saa nane au tisa nyuma yetu, kwamba hulinda wazee zamu ya usiku, na kwamba dada huamka kumuuliza hivyo wakati wa mapumziko yake.

Kuna wiki dada alinuna. Majibu yake yote ni “sawa.” Nikataka kuziruka hizo kurasa. Shem akanipigia: “Ziache, shem. Watu wasiogombana ndio feki.”

Anaogopa, na ana sababu. Ndoa za makaratasi zipo, kila mtaa unajua moja. Sheria ya mwaka wa 1986 iliweka adhabu ya hadi miaka 5 jela na faini ya hadi dola 250,000. Hata dada akikubaliwa, kama ndoa itakuwa haijafikisha miaka 2 siku atakayoingia, atapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti, kisha wathibitishe upya. Na shem lazima aonyeshe mapato ya angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko.

Mama aliandika kiapo chake kwa mkono. Wakati anaandika, nilijaribu kuwawekea yeye na baba faili kichwani. Miaka 29. Ng'ombe walipelekwa, wazee wakala, basi. Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila na inataka zisajiliwe, wao hawakuenda. Shamba liko kwa jina la babu. Akaunti ya pamoja hawana. Picha ziko mbili, na kwa moja baba amefumba macho. Lakini ugali wake hufunikwa kila usiku, na mama halali hadi asikie geti.

Kiapo cha mama kina mistari minne. Wa mwisho unasema: “Huyu kijana hunipigia kila Jumapili, hata binti yangu akiwa hayuko.” Huo niliutafsiri mara tatu ndio ukae sawa.

Mahojiano ni mwezi ujao. Dada anamsoma mume wake kama mtu wa KCSE: dawa anazotumia, jina la bosi wake, nani alikuja harusini. Juzi alimuuliza kwa simu, “Wakiniuliza unalala upande gani wa kitanda, niseme?”

Shem alinyamaza kidogo. “Hatujalala pamoja siku za kutosha kuwa na upande.”

Dada aliandika hivyo hivyo kwenye daftari.